Maswali yenu ya sofa za mahameli: kaa kwanza, rangi baadaye

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka kitu kimoja, ile sofa ya mahameli (au veliveti kama wengi mnavyoita) yenye kina, ya kujilaza ukirudi umechoka. Nimechukua machache. Yale ya "naomba unishauri sofa nzuri" bila kipimo na bila kusema nani atakaa nimeyaweka pembeni, nitumieni tena na vipimo nitajibu.

Swali: Nataka sofa ya mahameli ya kujilaza, rangi ipi inapendeza zaidi, kijani kilichokolea au bluu ya usiku?

Swali la rangi limekuja mara nne kwenye fungu hili peke yake jamani. Rangi ni kitu cha mwisho kabisa. Rangi haitakuumiza kiuno.

Anza hivi. Kaa kwenye kiti chochote kigumu ulichonacho, makalio yaguse mgongo wa kiti, ukae wima, mtu akupimie kuanzia nyuma ya makalio mpaka pale goti linapokunjika kwa nyuma. Watu wazima wengi wanaangukia kwenye sentimita 45 hadi 50, warefu wanazidi kidogo. Hicho ndo kipimo chako na utembee nacho. Sofa ya kukaa kawaida ina kina cha kukalia sentimita 50 mpaka 58 hivi, ya kujilaza inaanzia 60 kwenda juu na zipo za 70 na zaidi. Sasa ukikaa wima kwenye ya 70 mgongo haufiki nyuma, unateleza taratibu mpaka unakuwa umekalia kiuno badala ya makalio, saa moja tu unaanza kujinyoosha. Ila ukipandisha miguu juu ukakunja magoti pembeni, hiyo hiyo 70 inakuwa raha tupu. Kwahiyo jiambie ukweli, jioni kwenye sofa huwa unakaa au unalala? Usijibu vile unavyotamani, jibu vile ulivyokaa jana.

Na tahadhari kubwa hapa, muuzaji akikwambia "kina chake mita moja" anakutajia sofa nzima kwa nje, kuanzia mbele mpaka nyuma ya mgongo wake. Wewe uliza kina cha KUKALIA, halafu uliza tena kimepimwa mito ya mgongoni ikiwepo au imetolewa, maana mito minene inakula sentimita 15 hata 20 na sofa uliyodhani ina kina kumbe ni ya kawaida tu. Beba futi yako mwenyewe.

Ukishamaliza hayo ndo uje kwenye rangi. Omba kipande cha sampuli, kiweke nyumbani asubuhi na usiku ukiwasha taa, kilaze halafu kisimamishe, utaona ni kama vitambaa viwili tofauti. Rangi zilizokolea sana zinaonyesha vumbi na nyuzinyuzi kila saa, na zote zinapauka zikipigwa na jua la dirishani, usiiweke hapo.

Swali: Mimi mfupi, mume wangu mrefu sana. Tununue kina cha nani?

Cha mumeo, lakini yenye mito ya mgongoni isiyoshonewa. Wewe ukikaa unaongeza mto mmoja nyuma, kina kinapungua, yeye akikaa anautoa. Sofa fupi huwezi kuiongezea kina hata ufanyeje.

Swali: Muuzaji kasema hii ni mahameli orijino. Nitajuaje kama ni kweli?

Hili neno "orijino" ndilo linalowaponza. Mahameli ni namna ya kufuma, uzi ni habari nyingine. Kwenye kitanda cha kufumia wanafuma vitambaa viwili vimeangaliana, katikati kuna nyuzi zinazoviunganisha, kisha kisu kinapita katikati kinazikata, unapata vipande viwili kila kimoja kina vinyweleo vilivyosimama. Zamani uzi ulikuwa hariri. Leo unakuta pamba, unakuta poliesta, unakuta viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti), unakuta mohea ya manyoya ya mbuzi wa Angora, na zote ni mahameli halali kabisa. Kwahiyo swali la kumuuliza muuzaji ni "uzi gani, na kwa asilimia ngapi?"

Pamba ina rangi nzito tulivu isiyong'aa sana, inapumua, lakini inalala haraka pale mnapokaa na jua linaipausha mapema. Poliesta inavumilia matumizi ya kila siku, vinyweleo vinasimama tena vizuri na madoa yanatoka kirahisi kuliko kwenye pamba, kasoro yake ni mng'ao na kuvuta vumbi. Mohea ni ngumu kuliko zote lakini haipatikani hovyo. Viskosi ndo nawaomba muiogope kwenye sofa ya kujilaza, ni laini mno mkononi na inang'aa kama hariri, ila ikilowa inapoteza nguvu nyingi na tone la maji tu linaacha duara. Watu wanaishika dukani wanaipenda, wanakuja kulia baadaye.

Kuna jaribio dogo nalifanya kila mara. Chukua sampuli uikunje kwa nje kama unakunja karatasi, angalia pale kwenye mkunjo. Ukiona kitambaa cha chini kinachungulia kati ya vinyweleo, basi vimepandwa kwa mbali na kwenye kona za mito sofa itaanza kupata upara. Ukiona vimebanana mpaka mkunjoni, hiyo ni mahameli ya kukalia.

Swali: Nimeambiwa kitambaa kina Martindale 100,000, si ndo nzuri kuliko zote?

Hapana, na usilipie namba hiyo. Martindale ni mashine inayosugua kitambaa kwa sufu mizunguko mingi mpaka kianze kuisha, basi, hiyo ndo kazi yake. Kwa nyumba, kuanzia 20,000 mpaka 25,000 inatosha matumizi ya kawaida, kama sofa ni moja na inakaliwa kutwa na watoto wanaipanda tafuta 30,000 au zaidi. Hizo laki hazikwambii chochote kuhusu kupauka, madoa, wala kilichomo ndani ya mto. Na ukikuta namba za Wyzenbeek, hicho ni kipimo kingine kabisa kinachotumika zaidi Marekani, usizilinganishe.

Swali: Nina paka wawili. Nisahau mahameli?

Usisahau. Vinyweleo vimekatwa, hakuna vitanzi vya kucha kunasia, iko afadhali kuliko vitambaa vyenye nyuzi za kuvutika. Manyoya yao yataganda ila yanatoka kwa brashi.

Swali: Sofa imeletwa jana, mto mmoja una rangi tofauti na mingine. Wamenichanganyia kitambaa?

Kabla hujapiga simu ya ugomvi, toa huo mto, ugeuze mbele nyuma, urudishe. Kama rangi imelingana, kitambaa ni kile kile, ila mto umeingizwa kinyume au umekatwa kinyume.

Mahameli ina upande inaolalia. Pitisha kiganja, upande mmoja kinateleza na rangi inapauka kidogo, ukirudi kinyume vinyweleo vinakataa na rangi inakolea. Ndio maana fundi anayejua kazi anachora mishale kwa chaki nyuma ya kitambaa kabla hajagusa mkasi, na vipande vyote anavikata vikiangalia upande mmoja, mgongoni vinalala kwenda chini na kwenye kukalia vinalala kuja mbele, ili ukijilaza usiteleze kinyume na vumbi lishuke ukipiga brashi. Hii inakula kitambaa kingi, na fundi anayebana kitambaa anageuza kipande kimoja ili kitoshee. Niliwahi kukaa na sofa ya namna hiyo mbele yangu, mkono wa kushoto ulikuwa kama umelowa maji na wa kulia mkavu, mwenye nayo aliisugua kwa taulo siku mbili akidhani ni doa. Haikuwa doa. Kama wako umekatwa kinyume hautageuka kwa kusugua, rudisha, ni kosa la fundi na una haki ya kuurudisha.

Ila kama unacholalamikia ni vivuli na alama za mtu alipokaa, hiyo ni tabia ya mahameli na haiponi. Anayetaka sofa inayobaki bapa rangi moja mwaka mzima asinunue mahameli.

Swali: Sofa yangu ina miezi minane tu, imebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Nibadilishe kitambaa?

Kitambaa kimekukosea nini? Hili linaniuma kwa kweli kwa sababu watu wanalipia ngozi ya nje wanasahau mifupa. Geuza sofa juu chini. Kuna kitambaa chepesi cheusi kimepigwa stepla, fungua kona moja umulike tochi. Nilizofungua mimi za aina yako naelewa kabla sijamaliza kufungua, unakuta mikanda ya lastiki imelegea imening'inia, fremu ya chipubodi imeumuka pale pini zilipoingia, na hakuna skrubu hata moja, stepla tupu, na ukibonyeza sponji kwa kidole linaacha shimo likirudi polepole.

Sponji linapimwa kwa densiti, yaani kilo kwa mita ya ujazo. Mto wa kukalia uwe angalau 30, ukipata 35 bora zaidi, la 18 au 20 ni la mgongoni, ukilikalia linakufa ndani ya muda mfupi. Na msichanganye densiti na ugumu! Sponji laini linaweza kuwa na densiti kubwa na likadumu, na gumu likawa jepesi la kufa mapema. Muuzaji akibonyeza mto akasema "ona lilivyo gumu, hili halibonyei" hajajibu ulichouliza. Kwenye sofa yenye kina hili ni muhimu mara mbili kwa sababu mtu anayejilaza uzito wake wote uko katikati, haulali kwenye fremu ya mbele.

Kwahiyo kabla ya kitambaa, mpe fundi kazi ya chini, fremu iwe mbao ngumu iliyokauka sawasawa, kona ziwe na gundi, skrubu na kipande cha mbao cha kuimarisha, springi za zigizaga au mikanda mipya iliyovutwa ikabana, halafu sponji la densiti ya maana lililozungushiwa pamba ya poliesta. Mto wa manyoya matupu ni mtamu lakini utaupigapiga kila asubuhi maisha yako yote, afadhali sponji katikati manyoya juu. Na mito iwe na zipu, sponji ndilo litakufa kwanza.

Swali: Naweza kuosha mahameli kwa maji ya sabuni?

Soma lebo chini ya mto. W ni maji, S ni dawa isiyo na maji, WS zote mbili, X ni kufyonza vumbi tu usiguse na chochote. Kila wiki nauliziwa hili na lebo iko pale pale.

Kinywaji kikimwagika, gandamiza kitambaa kikavu cheupe, usisugue, kusugua ndo kunalaza vinyweleo moja kwa moja. Vikilala, kwenye poliesta au pamba pitisha mvuke kwa mbali halafu brashi laini upande vinaolalia. Pasi isiguse kamwe, poliesta inayeyuka na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Na ile nailoni sofa iliyokuja nayo ivueni siku hiyo hiyo, inakandamiza vinyweleo na kufungia unyevu.

Swali: Mama mzazi anahamia kwetu, magoti yanamsumbua. Sofa yetu ni pana na iko chini sana, atazoea?

Hatazoea, na usimlazimishe. Kwenye sofa ya chini yenye kina magoti yanakuwa juu ya nyonga, kuinuka inabidi mtu ajirushe mbele, mzee anafanya hivyo mara moja mara mbili, ya tatu anaanza kukaa kutwa kwa sababu kuinuka ni aibu mbele za watu. Mama mpatie kiti chake, urefu wa kukalia sentimita 45 mpaka 50 kutegemea miguu yake, nyayo zikae chini vizuri, mto mgumu kiasi, na mikono ya kiti iliyo imara ya kujiinulia. Akitaka mahameli kiti kiwe cha mahameli hiyo hiyo. Kikae karibu na sofa, asitengwe kwenye kona.

Swali: Ina kina cha nje mita 1.10, itapita mlangoni?

Pima uwazi wa mlango wenyewe, kutoka fremu mpaka fremu, na ubao wa mlango ukiwa umefunguka, usipime tundu la ukutani. Sofa hazipiti zikiwa zimekaa, zinasimamishwa au zinalazwa kwa mgongo, kwahiyo kipimo kinachoamua mara nyingi ni kina cha mshazari, yaani weka ubao ulionyooka kutoka juu ya mgongo mpaka mbele ya mkono wa sofa, halafu pima kutoka kona ya chini ya nyuma mpaka kwenye ubao huo, na urefu wa mgongo ukishatoa miguu. Pima pia kona ya korido na ngazi, nyingi zinakwama hapo. Ikikataa kwa sentimita chache uliza kama miguu na mikono inafunguka, au agiza ya vipande vinavyoungana ndani. Usiruhusu wabebaji "waisukume tu", mahameli ikikwaruzwa na fremu ya mlango vinyweleo vinang'oka na hapo pataendelea kuonekana.