Maswali ya Wasomaji: Ubao wa Tanga Wikendi ya Sikukuu

Wengi walioandika safari hii wanapanga kwenda pwani na marafiki kucheza ubao wa tanga (windsurfing), mchezo wa kusimama juu ya ubao na kusukumwa na upepo kwa tanga unalolishika mwenyewe. Tumechagua maswali yanayojirudia.

Tuko wanne, wote wa Dar es Salaam, na tunataka kwenda Paje, Unguja. Wenzangu wanataka Pasaka kwa kuwa mapumziko ni siku nne. Mimi nasema Nane Nane. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tabata

Wewe. Pasaka huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) inakufa na kusi (upepo wa kutoka kusini) haijashika. Ndiyo maleleji hayo: asubuhi upepo unatoka huku, mchana kule, katikati shwari, na mvua za masika juu yake. Mnaweza kupata siku moja nzuri, mnaweza msipate hata hiyo. Agosti kusi imeshatulia, na nodi 15 hadi 20 ni jambo la kawaida (nodi moja ni kilomita 1.85 kwa saa). Mkikosa Nane Nane, subirini Mapinduzi, tarehe 12 Januari. Krismasi kaskazi huwa imeanza, lakini kwa kawaida Januari ndiyo inaposhika barabara.

Kisha tazameni mwezi kabla ya kulipia chumba. Mwezi ukiandama au ukipevuka, siku moja mbili baadaye ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne. Paje wakati huo maji hukauka kuelekea mwambani, na ubao hauna pa kuelea. Bahati nzuri bamvua ya Unguja ina saa zake: maji hupwa kabisa takriban saa nne au tano asubuhi, hujaa takriban saa kumi jioni. Lala, kula, ingia majini saa saba, toka kabla giza halijaingia. Katika maji mafu, nusu mwezi, maji hayapwi sana na mnaweza kucheza sehemu kubwa ya siku. Kwa anayejifunza haya ndiyo bora, kwa sababu kina hakibadilikibadiliki chini ya miguu yake.

Idi el-Fitri huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo bamvua haikwepeki mwaka wowote. Idi el-Haji ni tarehe 10 ya mfunguo tatu (Dhulhija), maji yakiwa mafu au ndiyo kwanza yanatoka humo. Pasaka inategemea: mwezi ukipevuka katikati ya wiki ya Ijumaa Kuu, mtakuta bamvua, ukipevuka Jumapili ya Matawi, Jumatatu ya Pasaka ni maji mafu.

Jambo moja la usalama. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, hizo ni kama nodi 21 na nusu. Anayejifunza akae ufukweni, na mzoefu asitoke nje ya mwamba.

Mimi nina kilo 88, dada yangu 56. Sote wageni wa mchezo huu. Tukodi ubao na tanga la ukubwa gani? – Msomaji, Morogoro

Ubao wa mwanafunzi hupimwa kwa lita. Chukua kilo zako, ongeza 80 hadi 100: wewe lita 170 hadi 185, dada yako 140 hadi 155. Uwe na pezi la katikati linaloshuka chini, maana bila hilo ubao hupeperushwa pembeni. Tanga la dada lisizidi mita za mraba 4, lako 5. Mkipewa makubwa zaidi kwa maelezo kwamba upepo leo ni mdogo, kataeni. Tanga kubwa likilowa na kulala majini ni zito, na mtamaliza nguvu kulinyanyua.

Kwa wenzenu wenye uzoefu hesabu ni nyingine: kilo mara 1.4, gawanya kwa nodi. Mtu wa kilo 75 kwenye nodi 18 anapata 5.8.

Halafu msikodi vifaa vinne kwa watu wanne. Mwanafunzi huchoka baada ya dakika 45 hivi. Ubao mmoja kwa wawili unatosha, na anayepumzika anakuwa jicho la aliyeko majini.

Nimeshajua kusimama na kwenda, lakini baada ya robo saa mikono inakufa ganzi. Nifanye mazoezi gani? – Msomaji, Nyali

Kabla ya mazoezi, kagua ulivyofunga tanga. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuilegeza kamba ya chini, ile inayovuta tanga kuelekea kitako cha mlingoti. Ikilegea, upepo ukija kwa kishindo tumbo la tanga hurudi nyuma na mzigo wote huangukia mkono wa nyuma.

Soma namba zilizoandikwa kwenye tanga. Ukiona 430, yaani tanga linataka mlingoti wa sentimita 430, na wako ni wa sentimita 400, kiungo cha chini kinachorefusha mlingoti kiweke 30. Pitisha kamba kwenye kapi moja moja, isipishane hata mara moja, kwani kamba iliyopishana hukwama na utadhani umefika mwisho. Kaa chini, kanyaga kitako cha mlingoti, vuta kwa mgongo. Utajua imetosha pale ukingo wa nyuma, karibu na ncha ya juu, utakapolegea na kupepea. Wageni huogopa ulegevu huo wakarudisha kamba. Uache. Ndiyo mlango wa kutolea upepo uliozidi.

Baada ya hapo ndipo ufunge upau wa kushikia, kimo cha kati ya bega na kidevu ukisimama juu ya ubao. Kamba ya nyuma, ile inayovuta kona ya tanga kuelekea mwisho wa upau, ivute kidogo tu, sentimita 2 hadi 5 baada ya kukaza. Ukianza na hii kabla ya ile ya chini, tanga litaonekana limenyooka ilhali umbo lake ni bovu.

Kama umeshafika hatua ya kuvaa mkanda wa kiunoni wenye ndoana, tafuta mahali kwenye upau ambapo mkono mmoja unalishika tanga bila kuvutwa mbele wala nyuma. Ncha mbili za kamba ya ndoana, kitanzi kinachoning'inia kwenye upau, zikae pande mbili za hapo, zikikaribiana kwa upana wa ngumi. Ukiingiza kiwiko ndani ya kitanzi, kiganja kiweze kuushika upau. Bado mikono inauma? Basi sasa fanya mazoezi.

Kila nikitoka Paje najikuta Bwejuu, narudi kwa miguu nikiburuta ubao. Kwa nini? – Msomaji, Unguja

Kwa sababu kusi inakusukuma kaskazini na wewe hubishi, yaani huendi kwa mshazari kuupanda upepo. Laza tanga kuelekea tezi (nyuma ya ubao), omo (mbele yake) itageukia upepo unakotoka. Lilaze mbele, omo itaukimbia. Usilenge upepo wenyewe, hakuna tanga liendalo huko. Pembe ya nyuzi 45 inatosha. Nusu saa ya kwanza, nguvu zikiwepo, bisha kuelekea Jambiani. Ukichoka upepo utakurudisha ulikotoka. Wakati wa kaskazi geuza.

Njiani utapita mashamba ya mwani. Zunguka mbali: pezi likinasa kamba unarushwa mbele, na mwani wa watu unang'oka. Maji yakishuka chini ya kiuno, shuka utembee. Vaa viatu vya soli ngumu, wale wanyama weusi wa miiba mirefu hawana huruma na nyayo.

Upepo ukikata au kifaa kikivunjika, usiuache ubao na kuanza kuogelea. Laza tanga juu ya tezi, lala kifudifudi, piga makasia kwa mikono. Ikishindikana, tupa tanga ubaki na ubao.

Tunatoka Nairobi kwa gari kwenda Diani na mbao zetu kwenye keria. Kuna la kuangalia? – Msomaji, Lang'ata

Toeni mapezi, laza mbao kifudifudi juu ya sponji, mfunge kwa mikanda ya kitambaa miwili. Ile ya kukaza kwa mtambo huponda ubao. Pindeni kila mkanda mara moja, vinginevyo utavuma hadi Mtito Andei.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kama ubao una skrubu ya hewa, ile inayoziba tundu la kupumulia ubao, ifungueni safarini, hasa wakati wa kurudi: hewa iliyofungiwa pwani hutanuka mkipanda na huweza kubandua tabaka za ubao. Ikazeni tena kabla ya kuingia majini, na mkague mpira wake mdogo kama haujapasuka.