Anasahau alichokula, lakini anasoma bila kukwama

Swali: Dokta, baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu. Siku hizi anauliza mara kwa mara kama tumeshakula, ila mpe Biblia ya Kiswahili, anasoma ukurasa mzima kwa sauti. Ikiwa kumbukumbu imeharibika, maneno anayatoa wapi? (Binti wa mwalimu, Bukavu)

Jibu: Pole, dada. Kumbukumbu haikai mahali pamoja. Ya asubuhi hushikwa na hipokampasi, sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaowasahaulisha wazee wengi, kwa kawaida huanzia huko na jirani zake. Sura za maneno aliyoyazoea tangu shuleni hutambuliwa kwingine, chini ya ubongo upande wa kushoto, kwa nyuma.

Mmarekani Henry Molaison alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili mwaka 1953, ili kutuliza kifafa. Kusoma hakukumpotea, gazeti lile lile alilirudia kila mara kama jipya. Maneno yaliyozuka baada ya upasuaji ndiyo yaliyomshinda, karibu yote. Uzeeni, watafiti wengine walimkuta akijikwaa kwenye maneno adimu, wakadai hipokampasi hufufua maneno yanayofifia kwa kutotumika. Wenzao wakajibu kwamba jeraha lake lilivuka hipokampasi. Kwangu mimi ubishi huo haujaisha.

Lakini Biblia ya Kiswahili haitoshi kumpima mzee. Kiswahili husomwa kilivyoandikwa: ajuaye silabi hutamka hata neno asilolielewa. Mpe Kifaransa alichokuwa akifundisha: femme, monsieur, oignon. Hapo herufi zinadanganya, lazima neno lenyewe likumbukwe, na ncha ya mbele ya ubongo wa pembeni, inayotunza maana, husaidia sana. Ncha hiyo ikinyauka, mtu husoma mon-si-eur, herufi kwa herufi, kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Muulize na maana pia. Akishangaa, “oignon ni kitu gani?”, mwambie daktari wake, kwani huenda ni ugonjwa mwingine, si Alzheimer.

Na siku akiamka hawezi kusoma kabisa, ingawa bado anaandika, usingoje kesho. Daktari Mfaransa Dejerine alieleza hali hiyo tangu 1892: mshipa wa damu wa ubongo umeziba. Mpeleke hospitali saa ile ile.