Sarufi ya mtihani wa Kiingereza: anza na kiima

Kama ndiyo kwanza unajiandaa kwa SAT (mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani) au TOEFL ITP (mtihani wa Kiingereza wenye sehemu ya sarufi), usijitese kukariri kitabu kizima cha sarufi. Mitego ni michache, inarudiwa kila mwaka, na humnasa zaidi anayejibu kwa sikio.

Mkubwa wao ni upatanisho wa kiima na kitenzi. Tazama: "The box of old letters are missing." Sikio linasikia "letters" jirani na kitenzi, linaridhika. Lakini kilichopotea ni sanduku, kwa hiyo ni "is". Kwa Kiswahili usingekosea hata usingizini: sanduku la barua limepotea, na li- hiyo haina habari na barua. Basi fanya vivyo hivyo. Kata kwa penseli kila kilichopachikwa kati ya kiima na kitenzi, kisha soma kilichobaki. "The manager, along with her assistants, is late": meneja ni mmoja, wasaidizi wamepachikwa tu. Angalia pia "the number of students is", ila "a number of students are". Hii wanaipenda mno.

Mkato nao una yake. Sisi tuna -ka-, kwa hiyo "Alifika, akaketi" ni sentensi safi. Ukiihamisha ilivyo, "He arrived, he sat down", umekosa: sentensi mbili kamili haziungwi kwa mkato peke yake. Weka nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na "and". "However" haiokoi kitu hapo. Na ukikuta majibu mawili yenye maneno yale yale, moja lina nukta na jingine nukta mkato, yafute yote mawili. Kazi yao ni moja, na jibu sahihi haliwezi kuwa mawili.

"Ingawa" na "lakini" tunaziweka pamoja bila shida. "Although" na "but" hazikai sentensi moja namna hiyo, chagua moja.

"Its" ni ya kumiliki, "it's" ni "it is". Basi.

Wa IELTS (mtihani mwingine wa Kiingereza) hamna maswali ya kuchagua sarufi, ila sarufi ni robo ya alama za kuandika na za kuzungumza, kwa hiyo haya yanawahusu.

Kwenye SAT ya kompyuta, kila moduli (sehemu inayopimwa muda wake peke yake) ya kusoma na kuandika ina maswali 27 kwa dakika 32, na ya sarufi hukaa pamoja kuelekea mwishoni. Kama unasoma taratibu, ruka uanze nayo, halafu urudi kwenye vifungu.