Abiria wangu alifariki kwenye ajali ya boda, nami nimevunjika mguu: swala, kafara na kurudi barabarani

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwendesha boda, steji yangu iko Malaba. Miezi mitano iliyopita, mvua ikinyesha, nilijaribu kulipita lori kwenye kona, barabara ya Tororo, tukagongana na gari dogo. Abiria wangu, mama Mkristo jirani yetu, alifariki pale pale na ameacha watoto wadogo. Mimi sikujitambua siku nne. Muundi wa mguu wa kulia ulivunjika, mfupa ukatoka nje. Nilifungwa vyuma vya nje kwa miezi miwili, sasa nina plasta kutoka juu ya goti mpaka kwenye vidole. Tangu siku ile sijaswali kwa sababu siwezi kutawadha, na Ramadhani imenipita sijafunga. Nyumbani wengine wanasema hii ni adhabu, wengine wanataka plasta ikatwe nipelekwe kwa mzee wa kuunga mifupa. Nikisikia honi ya lori mwili wote unatetemeka. Nina dhima gani, na je, naweza kurudi kwenye boda?

JIBU

Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akuponye, na awalee wale watoto.

Nianze na plasta, maana ndiyo iliyokuzuia kuswali, na haikupaswa kukuzuia hata siku moja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tumche kadiri tuwezavyo (Qur'an 64:16). Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Umbo la swala ndilo linalobadilika. Swala yenyewe inabaki maadamu akili ipo.

Udhu wako utakuwa hivi. Kaa kitandani, weka beseni juu ya mapaja na chupa ya maji ya nusu lita pembeni. Hayo yanatosha kabisa, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita. Osha uso, mikono hadi viwikoni, pangusa kichwa, kisha mtu akusaidie kuosha mguu wa kushoto. Ukifika mguu wa kulia, usimwage maji. Plasta ikilowa inalainika, haishiki tena mfupa, na ngozi iliyo chini yake inaoza bila wewe kuiona. Lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoke, upanguse nacho vidole vilivyo nje, kisha pitisha mkono wenye unyevu mdogo juu ya plasta, mara moja, mbele na nyuma, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo. Huko juu ya kifundo si mahali pa udhu, usijichoshe.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Uganda tunaifuata, unaongeza tayammamu, yaani kujipangusa kwa vumbi safi, kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji, na unaifanya upya kwa kila swala ya faradhi. Hapa wengi wanakosea jambo dogo: wanapiga vumbi mikono ikiwa bado imelowa, wanajipaka tope usoni. Jifute kwanza uso na mikono kwa taulo mpaka ikauke. Vumbi liwe kavu na safi, kwenye mkebe wenye kifuniko, pigo moja la uso na moja la mikono hadi viwikoni, na mkebe ukae mbali na mguu. Kidonda cha mfupa uliotoka nje hakitakiwi kusogelewa na udongo. Hanafi na wengi wa Hanbali wanasema kupangusa plasta kunatosha bila tayammamu. Ukiwa peke yako na huna wa kukusogezea mkebe, chukua kauli hiyo uswali.

Utaambiwa kwamba plasta iliyofungwa mtu akiwa hana twahara inamlazimu arudie swala zote akishapona. Hiyo ni kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, siifichi. Lakini majeruhi aliye mikononi mwa madaktari huenda hana nafasi ya kutawadha kwanza, na maimamu wengine hawakuweka sharti hilo. Mimi nakupa fatwa ya kutorudia.

Ukipatwa na janaba (hali inayolazimu kuoga mwili mzima), funga mguu kwa kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, moja juu ya nyingine, kaza juu ya plasta kwa mpira usiobana damu, uning'inize mguu nje ya beseni, uoshe mwili uliobaki. Damu au usaha ulio ndani ya plasta umesamehewa.

Kuhusu kusimama, muulize daktari swali moja tu: je, mguu huu umeruhusiwa kubeba uzito? Akisema hapana, basi hata kama unajiona una nguvu, swali umekaa, kwa sababu kuukanyaga kunaweza kuusogeza mfupa ulioanza kushika. Akisema ndiyo, simama kwa magongo kadiri uwezavyo na ukae panapokushinda. Ukikaa, nyoosha mguu mbele, hata ukielekea kibla hakuna ubaya. Rukuu unainama kidogo, sijida unainama zaidi. Usiinue mto kuuleta kwenye paji la uso. Kitanda kisipoelekea kibla na hakuna wa kukigeuza, swali ulivyo. Na maumivu yakikulemea, unganisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yetu, aliona ruhusa hiyo ina nguvu kwa mgonjwa.

Swala zilizopita sasa. Siku nne ulizokuwa hujitambui huzilipi, isipokuwa swala ambayo ulizinduka wakati wake haujatoka, pamoja na ile inayounganishwa nayo. Kwa mfano, kama ulizinduka Alasiri, unadaiwa Alasiri na Adhuhuri. Zilizobaki unalipa. Miezi mitano ukitoa siku nne ni kama siku 146, yaani swala 730. Usiogope hesabu hiyo. Baada ya kila faradhi swali moja ya kadha, yaani ya kulipa, ya aina ile ile, hivyo hivyo umekaa, na kabla ya miezi mitano kwisha deni limekwisha. Anza leo. Usisubiri plasta itolewe.

Funga ya Ramadhani unalipa baada ya kupona, kwa aya ya 2:185, bila kulisha maskini.

Wanaosema ni adhabu, waulize wamelijuaje la ghaibu. Tulilofundishwa na Mtume (s.a.w.) ni kwamba Muislamu hapatwi na uchovu wala maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hilo sehemu ya makosa yake. Lakini hiyo haifuti wajibu wako kwa yule mama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya utaishia ama kujilaani usiku kucha ama kujisafisha haraka mno.

Mzee wa kuunga mifupa nakukataza waziwazi. Zama za Mtume (s.a.w.) mtu alipasuka kichwa safarini, akapatwa na janaba, akauliza wenzake kama anaweza kutayammamu, wakamwambia hapana, akaoga akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Mfupa uliotoboa ngozi ukikandwa unaweza kuvunjika upya na kuingiza usaha ndani. Vijiti vikikazwa kupita kiasi damu haipiti, mguu unakufa, unakatwa. Hata plasta ya hospitali ichunge: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ukivinyoosha tu, rudi hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Harufu mbaya au homa, vivyo hivyo.

Muundi uliotoka nje huenda ukachukua miezi sita na zaidi kuunga. Picha ya eksirei ndiyo inayoamua, siyo kalenda wala majirani. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, iache. Kula maharagwe, mukene (dagaa), mayai, maziwa ukipata. Chezesha vidole kila mara, kaza misuli ya paja ukihesabu hadi tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, ili paja lisisinyae. Kuutunza mwili huu ni amana, una thawabu yake ukiunuia.

Tuje kwenye zito zaidi. Ulipita lori kwenye kona, mvua ikinyesha. Umekiri mwenyewe, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa ukweli wako. Hukukusudia kuua, lakini ulizembea, na kifo kilitokana na uzembe huo. Ingekuwa umekaa upande wako kwa mwendo wa salama na gari likakufuata hapo, nisingekuambia haya. Aya ya 4:92 inataja kuua kwa makosa, na inamtaja hata aliyeuawa kutoka kwa watu wenye ahadi na Waislamu. Jirani yako Mkristo anayeishi nawe kwa amani anaingia humo. Unadaiwa vitu viwili: kafara, yaani ibada ya kufuta kosa mbele ya Mwenyezi Mungu, na dia, yaani fidia ya damu kwa warithi.

Kafara, kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kumwacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kulisha maskini hakuchukui nafasi yake katika kauli yenye nguvu kwetu. Asiyeweza, inabaki shingoni mpaka aweze. Basi usiianze ukiwa na plasta. Pona, lipa kwanza Ramadhani yako, kisha chagua wakati. Usianze Rajabu baada ya siku yake ya kwanza, wala Shaabani, Ramadhani itakukata. Usianze Shawwali baada ya siku zake za mwanzo, wala Dhulkaada, wala Dhulhija kabla ya tarehe 14, maana Idi ya kuchinja na siku tatu zinazoifuata hazifungwi. Muharram na Safar ni nzuri. Ukianza mwezi ulipoandama, funga miezi miwili ya mwandamo hata ikiwa na siku 29. Ukianza katikati, timiza siku 60. Nia iwekwe kila usiku. Ukila siku moja bila udhuru, hata ya 59, unaanza upya; kwa hiyo usipange safari za mbali wala miadi ya upasuaji ndani ya siku hizo.

Dia ni haki ya warithi. Asili yake ni ngamia 100, na katika kuua kwa makosa hubebwa na ukoo wa mwuaji upande wa baba, kwa miaka mitatu. Wanachuoni wametofautiana kiasi cha dia ya asiye Muislamu. Mimi nafuata kauli ya Abu Hanifa kwamba ni sawa na ya Muislamu. Hapa Uganda hakuna mahakama itakayokulazimisha. Katiba, kifungu cha 129, imezitaja mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi tu. Kwa hiyo njia yako ni sulhu. Waite wazee wa ukoo wako, wasikuachie peke yako. Tumeni kwanza mtu anayeheshimiwa na pande zote, kisha kaeni mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mwandike kiasi, tarehe za malipo, na nani anapokea kwa niaba ya watoto. Mchango mliotoa msibani, mabugo kama wasemavyo Waganda, hauhesabiwi kuwa dia mpaka wenyewe wakubali kwa maandishi.

Wanaweza kusamehe, aya imeruhusu. Lakini mtu mzima husamehe fungu lake tu. Mjomba au mume wa marehemu hawezi kusamehe fungu la watoto wadogo. Hata ukisamehewa na wakubwa wote, ada za shule za wale watoto ziweke akilini. Na mapatano ya LC1 hayafuti kesi ya polisi. Ukiulizwa, sema ulichoniambia mimi.

Ikiwa matibabu na dia vimekuacha na deni usiloweza kulilipa, wewe ni miongoni mwa wanaostahiki zaka (9:60). Mwambie imamu wa msikiti wenu bila aibu.

Kutetemeka kwa honi si jini. Aliyeona kifo karibu hivyo huota ndoto za tukio, hushtuka kwa sauti, hukwepa mahali pale. Kwa wengi hupungua wiki za mwanzo. Wewe umefika miezi mitano, kwa hiyo omba hospitali ya rufaa ya Mbale ikupeleke kwa wanaotibu akili na hofu, sambamba na adhkari zako za asubuhi na jioni. Neno "lau nisingelipita lile lori" Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa nalo, sema Mwenyezi Mungu amekadiria, kisha fanya lililo mbele yako.

Kurudi kwenye boda ni halali, kwa masharti. Kwenye Bajaj Boxer na nyingi za aina hiyo, mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki ya nyuma. Kifundo kisichokunja, au mguu unaochelewa kwa maumivu, hauwezi kusimamisha pikipiki yenye mtu nyuma, na kumbeba abiria katika hali hiyo ni kumdhulumu hata kama amekubali nauli. Eksirei ionyeshe mfupa umeunga. Uweze kusimama kwa mguu wa kulia peke yake na kupanda ngazi bila gongo. Kisha nenda uwanja mtupu, bila abiria, funga breki ghafla mara nyingi, pakavu na palipolowa, siku kadhaa. Siku uliyokunywa tramadol, dawa ya maumivu, usipande kabisa, inasinzisha. Uwe na helmeti mbili, ya pili ni ya abiria, na abiria awe mmoja.

Kabla ya hapo, pikipiki kama imetengenezeka mpe mwenzako wa steji mnayemwamini, mkiandika kiasi cha kila siku, nani anaweka mafuta na oili, na tairi ikiisha ni ya nani.