Maji ya mgao: yale ya kwanza usiyanywe
Umeuliza kwa nini maji yanatoka machafu ilhali yalisafishwa kabla ya kuingia bombani. Tatizo ni mgao wenyewe. Bomba likikaa bila presha, maji machafu ya ardhini hupenya ndani kupitia nyufa na viungio vinavyovuja. Kwa hiyo yakirudi, ya kwanza yakinge kando, ya kupigia deki na ya chooni. Ya kunywa kinga baadaye, nayo yachemshe mpaka yatokote hata kama ni maangavu. Kisha nakusihi, angalia chombo: wengi huchemsha vizuri, halafu wanachota kwa kikombe na vidole vinazama ndani. Tumia ndoo yenye mfuniko na koki. Klorini inafaa pia, ila kwenye maji ya tope nguvu yake hupungua, yachuje kwanza.