Uliza Fundi: Rangi mpya, uvungu mweusi

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Marehemu baba yangu alikuwa bwana mifugo Handeni, na utoto wangu niliupitisha nyuma ya Land Rover 109, ile ndefu, ya serikali, nimekaa juu ya masanduku ya chanjo. Sasa Mungu amenijalia kidogo, nataka ya kwangu. Nimeiona moja Tanga, Series III ya mwaka 1978. Rangi ya kijani, viti vipya, uvungu umepakwa rangi nyeusi unang'aa kama kiatu cha askari. Muuzaji anasema imefufuliwa yote, anataka milioni 22. Rafiki yangu aliniambia niende na sumaku. Nimeipitisha bodi nzima, haikunasa popote. Rafiki anasema basi gari lote ni puti, ile lepe ya kuzibia mashimo ya bodi. Muuzaji anasema Land Rover ni alumini, haiozi mpaka kiama. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Usimsikilize hata mmoja.

Rafiki yako amekosea kwa sababu sumaku hainasi alumini, iwe na puti au isiwe nayo. Mabawa, boneti, paa, ngozi za milango na karai la nyuma la Land Rover hizi ni alumini kweli. Gari lilipozaliwa mwaka 1948 kiwandani Solihull, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kupimiwa, alumini ndiyo ilikuwa ikipatikana. Likabaki na ngozi hiyo. Muuzaji naye amekuambia nusu ya ukweli, ile nusu inayouza. Chini ya ngozi hiyo kuna chesisi ya chuma, yaani mifupa inayobeba gari lote. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Nguzo za milango ni chuma. Ukienda na sumaku kwenye Land Rover, ipeleke huko, na huko ndiko inapotakiwa kunasa kwa nguvu. Isiponasa pale unapoweka miguu, jua umekanyaga fibaglasi.

Sasa nikueleze nilikojifunzia haya, ili ujue kwa nini nasema kwa uchungu. Nilianza kuchomelea Tanga mwaka 1986. Mwaka 1991 gereji niliyokuwa kibarua, na jina lake silitaji, ililetewa 109 ya mfanyabiashara wa samaki. Lilikuwa limebeba samaki kutoka Kigombe na Pangani kwa miaka. Barafu huyeyuka, maji ya chumvi yanapenya kwenye maungio ya karai, yanadondokea chesisi ya nyuma, kila siku ya Mungu. Pale springi ya nyuma inaposhikwa palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Mwenye gari alitaka kuuza. Bosi akatuambia tuzibe. Tukasokota magazeti, tukashindilia ndani, juu yake fibaglasi, juu ya fibaglasi puti, tukapiga msasa, tukapuliza rangi ya lami uvungu mzima. Kazi ya mchana mmoja. Lilikuwa linapendeza, nakwambia.

Alilinunua mwalimu wa Muheza. Masika ya kwanza, karibu na Pongwe, springi iling'oka na kipande cha chesisi. Gari lilianguka upande, mama yake aliyekuwa amekaa nyuma akavunjika mkono. Mwalimu alirudi gerejini siku ya tatu, akiwa na kile kipande ndani ya mfuko wa rambo. Hakupiga kelele. Alichomoa gazeti, akalikunjua mezani, akatuonyesha tarehe: mwezi uleule aliouziwa gari. Niliacha kazi pale wiki iliyofuata, lakini kuacha kazi hakukumrudishia mama yule mkono wake. Tangu hapo kila anayeniuliza habari ya gari la zamani namwambia kitu kilekile: uvungu mweusi unaong'aa siuogopi kwa uzee wake, nauogopa kwa upya wake.

Kwa hiyo rudi Tanga. Nenda asubuhi, gari likiwa kavu, na mwombe mwenye gari ruhusa kabla, maana utakwaruza rangi yake. Chukua jamvi la kulalia, tochi, nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na brashi ya waya. Chesisi ya gari hili ni boriti mbili ndefu za mabati yaliyounganishwa yakawa kama sanduku lenye uwazi ndani, unene wake kama milimita 2 tu. Tope likiingia humo halitoki upesi, na tope la pwani lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana chesisi huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kivimbe kwa nje, ndani kazi imekwisha siku nyingi.

Gonga. Umewahi kumwona mama akinunua chungu sokoni? Hatazami rangi, anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Fanya hivyo tangu mbele hadi nyuma, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia, sauti kavu inayorudi. Chuma kilicholiwa, au puti, kinajibu kwa sauti iliyokufa, na nyundo hairuki. Hapo ndipo unaposukuma kwa bisibisi. Usichome kama unayechoma nyama. Sukuma tu kwa uzito wa mkono. Chuma kizima hakitajali.

Tumia muda mrefu kwenye ile mikono mifupi inayotoka kwenye chesisi kwenda kubeba nguzo za milango, na mahali springi za nyuma zinaposhikwa, na boriti ya mwisho kabisa, ile unayofungia ndoano ya kuvutia tela. Halafu kuna sehemu ambayo karibu kila mtu anaisahau: uso wa juu wa chesisi. Fundi mvivu anapuliza rangi kutoka chini, juu hapaoni. Pitisha vidole vyako hapo juu, hasa juu ya tangi la mafuta. Vidole vikirudi na magamba kama ya samaki, umeshajua.

Chini ya chesisi kiwandani waliacha matundu ya kutolea maji. Ingiza waya. Likitoka vumbi kidogo, heri. Likitoka tope jeusi lenye magamba, ongea bei upya. Lakini ukikuta matundu yamezibwa kwa puti au yamechomelewa ili uvungu uonekane laini, ondoka. Aliyefanya hivyo hajui kazi, au anaijua na hakujali, na sioni tofauti kwako wewe utakayelipanda. Siku hizi kuna kamera ndogo zenye waya zinazochomekwa kwenye simu, Kariakoo zipo. Ipitishe kwenye matundu hayo uone tumbo la chesisi. Enzi zetu tungetoa kitu chochote kupata kifaa kama hicho.

Viraka si dhambi. Gari la miaka zaidi ya 40 lisilo na kiraka ni la kushukuru, lakini si la kusubiri. Tazama kiraka kimewekwaje. Fundi mzuri hukata kilichooza mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, kisha huunganisha bati la unene uleule, akichomelea pande zote bila kuacha mwanya. Fundi mbaya hubandika bati la kuezekea juu ya uozo na kushika kwa nukta nne. Maji yanaingia katikati ya mabati mawili, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba na kukiinua kiraka. Ukiona kiraka juu ya kiraka, umeona fundi wa pili aliyemwamini wa kwanza.

Ukishatoka uvunguni, inua mazulia yote mbele. Fungua mlango wa dereva, uushike ncha, uinue juu na chini. Ukicheza, angalia kinachocheza: bawaba ni jambo dogo, nguzo ni jambo kubwa. Kisha tazama rangi ya kijani pale alumini inapokutana na chuma, kama kwenye kingo za chini za milango. Vivimbe vyenye unga mweupe chini yake ni alumini inayoliwa. Vyuma hivi viwili vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoteketea. Hilo haliangushi gari, ila linakuambia kama kweli milango ilivuliwa na kusafishwa, au ilipulizwa tu rangi ikiwa imefungwa palepale.

Na muuzaji muulize swali moja: bodi iliwahi kuinuliwa kutoka kwenye chesisi? Land Rover imefungwa kwa boliti, kwa hiyo anayeifufua kwa haki huivua, akaiacha chesisi tupu sakafuni, akaipiga brashi, akachomelea, ndipo akapaka rangi. Aliyefanya kazi hiyo ana picha zake kwenye simu, na atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Mtu haachi kupiga picha kazi ya miezi sita. Mficha uchi hazai: kama picha zilizopo ni za gari likiwa limeshapakwa rangi, basi umeambiwa jibu.

Usisahau namba ya chesisi. Kwenye Series III imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia kinachoshika springi. Kwangua rangi mpaka uisome, uilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kama chesisi imebadilishwa, pita TRA kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuhusu milioni 22: chesisi ikiwa nzima na ukuta wa mbele mzima, zungumza naye, injini na gia boksi vinatengenezeka. Chesisi na ukuta vikiwa vimeoza, kuna viwanda Uingereza vinavyotengeneza chesisi mpya na kuzichovya kwenye zinki iliyoyeyuka, lakini kuisafirisha na kuivalisha gari upya ni hesabu ya gari la pili. Kama moyo wako unaweza kusubiri, nenda Dodoma au Singida. Tafuta 109 iliyopauka, yenye viti vilivyochanika na uvungu wenye vumbi jekundu ambao hakuna aliyeugusa kwa rangi. Mimi ningelipa zaidi kwa hiyo kuliko kwa hii inayong'aa. Na wale kati yenu wanaotaka kuagiza kutoka Uingereza wajue kwamba kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Pwani tunaletewa chumvi na upepo, wao wanaimwaga wenyewe.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nipo Mombasa, nataka kununua Volkswagen Beetle ya mwaka 1969. Rangi safi, injini inawaka mara moja. Jambo dogo tu: mlango wa dereva unafunga vizuri nikiwa nje, lakini nikikaa ndani na mwenzangu, unagoma kufungika. Muuzaji anasema ni raba mpya za mlango. (Dada wa Tudor)

JIBU: Nzuri, dada yangu. Raba hazijui kama umekaa au umesimama. Gari ndilo linalopinda mkiingia. Chini ya milango ya Beetle kuna mifereji miwili ya bati inayopitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini, na mifereji hiyohiyo ndiyo inayoibeba bodi isikunjike katikati. Naona yako imekwisha, na rangi iko juu ya hewa.

Usinipe imani, hakikisha mwenyewe. Inua kiti cha nyuma, upande wa kulia ndipo betri inapokaa. Ichomoe. Tindikali ya betri na unyevu wa Mombasa hula sakafu pale, na wengi hutandika bati au hata ubao na kurudisha betri juu. Halafu weka jeki chini ya mlango, mahali pake pa jeki, uinue polepole huku ukitazama ule mwanya kati ya mlango na nguzo. Mwanya ukibadilika, au jeki ikizama ndani ya bati badala ya kuliinua gari, usilipe hata arbuni. Nenda na mtu wa kukushikia tochi, kisha niandikie umeona nini.