Umekuta projekta ya babu stoo? Usiiwashe kwanza

Juzi kuna kijana wa Mombasa kaniandikia inbox, anasema kaka nimekuta projekta ya marehemu babu stoo pamoja na mikanda ya filamu kama thelathini hivi, nimeichomeka kwenye umeme inawaka vizuri tu, wikiendi hii nataka niikusanye familia tuangalie, nipe tips mbili tatu. Nilipoisoma ile meseji moyo ulinilipuka paa. Sikumsalimia hata salamu, nikamwandikia neno moja kwa herufi kubwa, CHOMOA. Baadaye ndo nikamwomba radhi na kumweleza vizuri, na nikiwa namweleza nikaona bora niandike hapa wasome wengi, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nakaa Leicester, Uingereza, lakini kwetu ni Muheza, Tanga. Hizi filamu za zamani za mikanda midogo nilianza kuzikusanya 2018 na leo ninapoandika nina mikanda 143 ndani ya nyumba, projekta tatu zinazofanya kazi, na Jumamosi moja kila mwezi watoto wangu na wa majirani wanajaa sebuleni, mke wangu anakaanga mandazi, tunazima taa. Nasema hivi kwa kujivunia kabisa, maana nimeitolea jasho. Na kuna siku moja niliyoitolea machozi, ndo hiyo nataka kuisimulia.

Kwanza nieleze hamu ilikotoka. Nikiwa mdogo gari la sinema lilikuwa linakuja kijijini kwetu, linapita mchana na kipaza sauti, usiku shuka jeupe linafungwa kati ya minazi miwili, jenereta inanguruma, na sisi watoto tunagombania kukaa karibu na ile mashine kuliko karibu na shuka. Mimi sikuwa naangalia picha, nilikuwa naangalia ule mwanga unavyotoka na vumbi linavyocheza ndani yake. Ile ilikuwa mikanda yenye upana wa milimita 16. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba huko kwetu mkoani, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, kuanzia 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za milimita 16 kwa ajili ya wananchi wa Afrika Mashariki, sauti ikiwekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali halafu wanazungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Filamu kama 35 zilitengenezwa na zilizobaki mpaka leo ni chache mno. Vugiri jamani! Mimi nimepita pale nikiwa shule na hakuna mwalimu aliyewahi kututajia.

Basi. Huku Uingereza Jumapili kuna watu wanauza vitu vyao vya zamani kwenye buti za magari uwanjani. Siku hiyo, mwezi wa tano 2019, nikakuta mama mmoja mzee kaweka projekta na boksi la mikanda, vyote pauni 35. Mingi ilikuwa vichekesho vya Laurel and Hardy, zile filamu zilizokuwa zinauzwa madukani kabla ya video, wanakata filamu ndefu mpaka inabaki dakika kumi au ishirini ili itoshe kwenye rili moja, lile gurudumu la kuviringishia mkanda. Lakini chini kabisa kulikuwa na rili mbili za familia, na kwenye kopo la mojawapo kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino, Tanga 1958. Nilisimama pale uwanjani nikasoma mara tatu. Yule mama akaniambia shemeji yake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge.

Mama yangu mzazi alikuwa kaja kutusalimia mwezi huohuo. Sasa nani angesubiri? Nimefika nyumbani sijala, nimefunga shuka ukutani, nimemkalisha mama kwenye kochi, nimemwambia leo nakuonyesha kwenu ulivyokuwa msichana mdogo. Projekta imeandikwa Super 8, aina mojawapo ya mikanda midogo, rili yenyewe ni ya Super 8, inakaa sawasawa, nikaona hakuna shida, nikaingiza mkanda nikawasha.

Picha ikawa inaruka. Inapanda, inashuka, inakatika nusu juu nusu chini, na mashine inatoa mlio kama mtu anatafuna karanga. Mimi nikasema moyoni huo ni uzee wa mkanda, itatulia tu. Nikaiacha. Hapo ndipo kosa lilipo na naomba mlishike, niliusikia mlio nikauacha. Kama nusu dakika hivi mkanda ukakwama, na ulipokwama picha ikasimama, ikawa safi kabisa kwa mara ya kwanza. Barabara ya mchanga, nyumba za mabati, mwanamke amejifunga kanga amebeba kikapu kichwani amegeuza uso kuangalia kamera. Mama akainuka kwenye kochi, akasogea mpaka karibu na ukuta, akasema hapo si Ngamiani hapo, mbona huyu kama shangazi yangu...

Halafu katikati ya ile picha, hapohapo kwenye kanga, kikatokea kidoa cha kahawia. Kikawa kinachemka pembeni kama uji, kinapanuka, uso ukaenda, kikapu kikaenda, ukuta ukabaki mweupe tupu. Haikuchukua hata sekunde mbili. Nilipoizima mashine nyumba nzima ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua na mama bado amesimama pale pale ameinua mkono.

Hakunilaumu. Alisema tu, basi mwanangu, ndo vitu vya zamani. Mimi ile kauli inaniuma mpaka leo.

Sasa nini kilitokea. Kuna mikanda ya aina mbili yenye upana uleule wa milimita 8 na ukiitazama kwa haraka huwezi kuitofautisha. Ya kwanza, ile 8 ya kawaida, Kodak waliitoa 1932. Ya pili ni Super 8, hiyo wameitoa 1965. Matundu ya pembeni ambayo ukucha wa mashine unayashika kuvuta mkanda hayafanani. Ya 8 ya kawaida ni makubwa na yamekaa kwenye mstari unaotenganisha picha na picha, ya Super 8 ni madogo membamba na yamekaa usawa wa katikati ya picha. Na hatua ni tofauti, kwenye 8 ya kawaida kutoka tundu mpaka tundu ni milimita 3.81, kwenye Super 8 ni 4.23. Kwahiyo ukiweka ya zamani kwenye mashine ya Super 8, ukucha unashuka mahali ambapo hakuna tundu, unachana. Ule mlio wa karanga ndo huo, na mkanda ukishakwama mbele ya taa joto linauunguza. Yule shemeji wa mama aliyeniuzia alikuwa amehamishia mkanda wake kwenye rili ya Super 8, sijui kwanini, labda ndo rili aliyokuwa nayo. Mimi nikaiamini rili sikuuangalia mkanda.

Na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kopo! Tanga 1958. Mkanda wa 1958 utakuwaje Super 8 iliyoanza 1965? Nilikuwa nayajua yote hayo, nilishayasoma. Furaha ilinipofusha.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu wa Mombasa na wengine wote, kagua mkanda wenyewe kabla hujawasha kitu. Usiamini boksi, usiamini rili, usiamini maandishi ya mtu. Vaa glavu za pamba au nawa mikono uikaushe vizuri, vuta kama mita moja, weka mbele ya dirisha, chukua lenzi ya kukuzia, angalia matundu. Halafu pitisha mkanda wote taratibu kwa mkono toka rili moja kwenda nyingine, ukiushika pembeni kwa vidole viwili, ukihisi kitu kinakwaruza simama uangalie. Rili ndogo ya mita 15 ambayo inaonyesha dakika tatu nne, kuikagua ni nusu saa nzima. Ndiyo, nusu saa. Ukiona nyingi basi subiri mwezi ujao.

La pili ni kunusa. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, ujue plastiki ya mkanda imeanza kuoza, na ile asidi inavyozidi ndivyo inavyoharakisha kuoza. Utoe ule mkanda ukae mbali na mwenzake, chumba kingine kabisa, na uwe wa kwanza kupelekwa kunakiliwa. Joto na unyevunyevu ndo adui, na sisi watu wa pwani tunavijua vyote viwili. Usihifadhi darini, usihifadhi karibu na jiko. Rangi nayo ni bahati ya aina ya filamu, ile Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ikikaa gizani rangi zake zinadumu ajabu, wakati filamu nyingi za dukani za miaka ya sabini zimeshageuka nyekundu mwanzo mwisho kama mtu kamwagia maji ya rozela. Mkanda wangu wa Tanga ni Kodachrome. Nyekundu ya ile kanga ni nyekundu kwelikweli.

Baada ya ile ajali nikafanya kosa la pili. Niliupeleka mkanda kwenye duka moja linalojitangaza linatengeneza na kunakili filamu, sitalitaja. Wakakaa nao miezi miwili. Uliporudi walikuwa wameunga kwa selotepu ya kawaida, hii ya kufungia zawadi, gundi imevuja imeshika picha za jirani, na kipande kirefu kama mkono wangu hakipo. Nilipouliza wakasema kilikuwa kimeharibika tukakitupa. Walikitupa! Bila kuniuliza. Nililipa pauni 60 kwa kazi ile. Nimejaribu kusamehe na naona bado. Kwahiyo kabla hujampa mtu mkanda wako muulize anaungaje, na mwandikie kwenye karatasi kabisa kwamba hakuna kipande kitakachotupwa, hata kiwe majivu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Mwingereza, mkusanyaji, ana zaidi ya miaka themanini. Hakuniuzia kitu. Alinikalisha jikoni kwake jioni tatu, akanionyesha jinsi ya kuitoa ile gundi kidogokidogo, jinsi ya kuweka tepu maalum yenye matundu tayari juu ya sehemu zilizochanika, picha moja baada ya nyingine. Jioni ya kwanza nilimaliza sentimita arobaini. Mikono ilikuwa inatetemeka akaniambia weka chini, kunywa chai, kesho. Nimejifunza kwake kuliko video zote nilizoangalia mtandaoni.

Ndugu zangu, tunapenda haraka. Mtu anakuta kitu kimekaa miaka sitini kwenye kabati anataka kukiona ndani ya dakika tano. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Naamini kabisa pale Mji Mkongwe, Mombasa, Lamu, hata Muscat kwa ndugu zetu, kuna makabati yana harusi za bibi zetu na maulidi na watu wameshuka meli, na hakuna nakala nyingine duniani, maana filamu ya familia inakuwa moja tu, ileile iliyopita ndani ya kamera. Ukiichana umeichana. Kagueni kabla hamjawasha, nalirudia hilo kwasababu ndo lenyewe.

Jumamosi iliyopita, baada ya kuuacha ndani ya kopo muda mrefu kwa woga, niliuweka ule mkanda wa Tanga kwenye projekta ya 8 ya kawaida, ya kampuni ya Eumig, niliyoijaribu kwanza na mikanda mitano isiyo na maana. Ukapita wote. Picha zilizoungua niliwahi kuzihesabu, zilikuwa 14, haifiki hata sekunde moja, na yule mwanamke kabla na baada ya pale bado yupo, anatembea, anageuka, anaendelea na safari yake mpaka anakata kona. Nikamrekodia mama kwa simu nikamtumia WhatsApp. Akaangalia, kanipigia, yuko kimya kidogo halafu anasema hapana, si yeye. Anafanana naye sana usoni ila shangazi alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, huyu anatembea sawa. Halafu akasema lakini ile nyumba ya kona naijua, tulikuwa tunatumwa mafuta ya taa pale. Tukaongea saa nzima kuhusu hiyo nyumba.

Yule kijana wa Mombasa jana usiku kanitumia picha ya mkanda kaushika mbele ya taa. Matundu makubwa, yamekaa kwenye mstari kati ya picha na picha. Nikamwambia nitumie na picha ya projekta, ubavuni imeandikwa Super 8. Nikampigia simu hapohapo. Ameshaelewa, mikanda yote ameihamishia chumbani kwake, mbali na jiko, na wikiendi hii familia itakula pilau tu.